Bedford ya Jeshi Ikiteleza Klachi, Pleti Isihukumiwe Peke Yake

Dalili huja mlimani, na huanza kusikika kabla ya kuonekana. Lori limebeba, dereva yuko gia ya juu, anakanyaga mafuta ili apate nguvu ya kumalizia kipande cha mwisho. Injini inapiga resi, sauti inapanda, lakini mwendo haupandi. Anaongeza mafuta, kelele inazidi, lori linazidi kuchoka. Muda si mrefu harufu kali ya kitu kinachoungua inaingia kwenye kabini kupitia sakafuni. Utingo anaanza kuchungulia kama ni waya. Si waya. Klachi inateleza.

Linalofuata gereji linajulikana. Hukumu hutolewa kabla kesi haijasikilizwa: "Klachi imekwisha, lete hela ya pleti." Giaboksi inashushwa, pleti mpya inavishwa, mwenye gari analipa, na baada ya miezi michache harufu ileile inarudi. Nimeliona jambo hili likijirudia kwa malori mengi ya zamani kiasi kwamba siwezi kulichukulia kama bahati mbaya. Pleti iliyoungua imeteswa na kitu fulani, na kitu hicho kisipotafutwa kitaitesa na ijayo.

Nazungumzia hasa Bedford za jeshi. Ndizo malori ya zamani ninayoyapenda, na ndizo ambazo Afrika Mashariki ina historia nazo. Jina la Bedford lilianza mwaka 1931 kwa malori yaliyotengenezwa na kampuni ya Vauxhall mjini Luton, Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vyake vilitoa malori yapatayo 250,000 kwa ajili ya vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likaja RL, lori la magurudumu manne yote yenye nguvu, likisukumwa na injini ya petroli ya silinda sita, lita 4.9. Yalitengenezwa zaidi ya 70,000, mengi yakienda jeshini. Hata magari ya zimamoto ya kijani ambayo Waingereza waliyaita Green Goddess, yaliyotolewa ghalani wanajeshi walipozima moto wakati wa mgomo wa wazimamoto wa mwaka 1977, yalijengwa juu ya chesi za Bedford za ukoo huo. Baadaye baadhi yake yaliuzwa katika nchi za Afrika.

Baada ya RL likafuata MK, mwanzoni mwa miaka ya 1970, likiwa na injini ya lita 5.4 iliyobuniwa kukubali mafuta ya aina zaidi ya moja. Mkazi wa Nanyuki mwenye umri wa kutosha analikumbuka: jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi Kenya tangu baada ya uhuru, na kwa miaka mingi lori lake la kawaida la tani 4 lilikuwa Bedford. Yalipostaafu yakapigwa mnada. Mengine yakanunuliwa na makampuni ya safari ndefu, yakachomelewa viti na kuletwa kuvuka Sahara na Kongo hadi Nairobi na watalii mgongoni. Kabini ya MK ni ileile ya Bedford TK, lori la kiraia lililozoeleka, ila imeinuliwa juu zaidi. Injini imekaa nyuma na chini ya viti, unaifikia kwa kufungua vifuniko vya ubavuni nyuma ya milango. Fundi aliyekulia kwenye TK hapotei ndani ya MK.

Sasa tuingie kwenye klachi yenyewe. Flaiwili inazunguka pamoja na kranki ya injini. Presha pleti imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili, nayo inazunguka. Katikati yao kuna pleti ya klachi, yenye laini za msuguano pande mbili, iliyovaa meno ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Springi za presha pleti zinaibana pleti ile dhidi ya flaiwili. Nguvu inayoweza kupita hapo inategemea mambo machache: springi zinabana kwa kiasi gani, laini zinashika kwa kiasi gani, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazogusana. Upana na nyuso havibadiliki lori likizeeka. Kwa hiyo klachi ikiteleza, ama mbano umepungua, ama mshiko umepungua, ama kuna kitu kinashikilia klachi isijifunge hadi mwisho. Fundi anayeanza na mgawanyo huu tayari amefupisha kazi yake.

Kuteleza si jambo la kuvumilia hadi mwisho wa mwezi. Chukua injini inayotoa kilowati 70 mlimani. Klachi ikiteleza kwa asilimia 10 tu, kilowati 7 zinageuka joto papo hapo kati ya pleti na flaiwili, sawa na pasi saba za umeme za wati 1,000 zilizowashwa ndani ya chungu cha chuma kisicho na dirisha. Joto hilo linaunguza laini, linaifanya flaiwili iwe na madoa ya bluu, na linalegeza springi. Springi zikilegea, mbano unapungua, klachi inateleza zaidi. Aliyeuliza mapema huenda akatengeneza kwa spana mbili na nusu saa. Aliyesubiri atanunua kila kitu.

Kwanza lazima uthibitishe kwamba ni klachi kweli. Lori linaweza kukosa nguvu kwa sababu ya chujio la mafuta lililoziba, breki inayoshika, au injini yenyewe kuchoka. Tofauti iko kwenye resi: injini dhaifu haipandi resi, klachi inayoteleza inaziachia. Tafuta barabara tupu, nenda mwendo wa wastani ukiwa gia ya juu kabisa, kisha kanyaga mafuta hadi chini. Klachi nzima italifanya lori livute polepole huku injini ikinguruma kwa uzito. Iliyochoka itaachia injini ipae peke yake. Kwenye gia ndogo usitarajie kuliona tatizo mapema, kwa sababu huko magurudumu yana nguvu tele, lori linaruka mbele haraka na injini haikai muda mrefu chini ya mzigo kamili. Ndiyo maana dereva huapa kwamba lori liko sawa mjini, ila linakataa milima. Wako mafundi wanaopima kwa kufunga handibreki, kuweka gia ya juu na kuachia klachi ili waone kama injini itazima. Kipimo hicho kinafaa mara moja tu, na kwa handibreki inayoshika kweli. Ukikirudia rudia unamalizia klachi uliyotaka kuiokoa.

Ukishathibitisha, usilale chini ya gari bado. Kaa kwenye kiti cha dereva, ubonyeze pedali kwa mkono. Pale juu pedali inapaswa kucheza kidogo bila uzito wowote kabla hujahisi upinzani. Kwa malori mengi ya zamani mchezo huo ni kama sentimita 2 au 3, na kitabu cha gari ndicho chenye kipimo kamili. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Laini zikilika, presha pleti inasogea kuelekea flaiwili, na ncha za ndani za vidole vyake zinarudi nyuma kuifuata beringi ya klachi, ile inayovisukuma pedali ikikanyagwa. Mchezo wa pedali unapungua kila mwezi bila mtu kugusa kitu. Siku ukiisha kabisa, beringi inakuwa imeegemea vidole muda wote, kana kwamba kuna mguu usioonekana umekanyaga pedali. Springi zinabana nusu nusu, na klachi yenye laini za kutosha inaanza kuteleza. Kurekebisha urefu wa fito zinazounganisha pedali na klachi na kurudisha mchezo ule ndiyo dawa, mradi laini bado zipo. Angalia pia springi ya kurudisha pedali na bushi za fito. Lori lililolala miaka mingi kwenye unyevu mara nyingi huwa na kutu iliyoshikilia fito katikati ya safari yake.

Kwenye magari ambayo klachi inasukumwa na mafuta, kuna mtego mwingine, na naomba kila mwenye lori la zamani aujue kabla hajakubali giaboksi ishushwe. Masta ya juu, ile inayosukumwa na pedali, ina tundu dogo linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo chake unapoachia pedali. Uchafu ukiliziba, au fito ya pedali ikirekebishwa ikawa ndefu mno hata pistoni isirudi hadi mwisho, mafuta yanabaki na shinikizo kwenye bomba. Mpira wa bomba uliozeeka unaweza kufanya vivyo hivyo: unavimba kwa ndani, unaruhusu mafuta kwenda na kuyakatalia kurudi. Mafuta hayo yakipata joto la injini yanatanuka na kuisukuma taratibu masta ya chini, ile inayosukuma uma wa klachi. Lori linatoka asubuhi likiwa zima, linaanza kuteleza baada ya saa moja, likipumzika linapona. Dereva anaonekana mwongo mbele ya fundi.

Kipimo chake hakigharimu chochote. Klachi ikiwa inateleza, simamisha lori mahali pa usalama, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha legeza kidogo nati ya kutolea upepo kwenye masta ya chini. Mafuta yakiruka kwa kasi wakati hakuna aliyekanyaga pedali, na uma wa klachi ukarudi nyuma, umempata mhalifu. Pleti haina hatia. Kinachohitajika ni kusafisha masta, kubadilisha mipira na bomba, na kurekebisha fito.

Ikiwa mchezo wa pedali uko sawa na mafuta yanarudi vizuri, ndipo uingie chini na tochi. Nyumba ya klachi ina tundu la kutolea maji na mafuta upande wa chini. Magari ya jeshi yanayotakiwa kuvuka mito huwa na kizibo cha tundu hilo, na Land Rover za zamani zinajulikana sana kwa kizibo hiki. Kanuni yake ni kwamba kinafungwa kabla ya kuingia majini na kufunguliwa ukishatoka. Lori likibadilisha mikono, likatoka kwa askari aliyefundishwa likaenda kwa raia aliyelinunua mnadani, elimu hiyo inabaki kambini. Kizibo kinabaki mahali pake mwaka baada ya mwaka, mafuta yanayovuja kidogo kidogo hayana pa kutokea, yanajaa chini ya flaiwili hadi yanarushwa juu ya pleti. Ukikikuta kimefungwa, weka chombo chini, kifungue, uone kinachotoka.

Kinachotoka kinasema. Mafuta meusi na mepesi ni ya injini, yamepita kwenye sili ya nyuma ya kranki. Mazito yenye harufu kama ya kiberiti ni ya giaboksi, yamepita mbele kufuata shafti. Kwenye gari ambalo klachi inasukumwa na mafuta, mafuta ya breki yanaweza kuwa yametoka kwenye masta ya chini, ingawa hayo mara nyingi huonekana kwa nje. Laini zilizolowa oili hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, na kuzisugua kwa petroli na msasa kunasaidia kwa siku chache tu, kwa sababu oili imeshazama ndani na itachemka itoke tena mara joto likipanda. Pleti iliyolowa ni ya kubadilishwa, lakini baada ya kuziba ilikotoka oili.

Na hata kuziba kuna akili yake. Sili ya nyuma ya kranki haivuji kwa uzee peke yake. Injini ya lori la zamani yenye ringi zilizochoka inapuliza gesi kwenye sehemu ya chini, na kama bomba lake la kupumulia limeziba kwa matope na oili iliyoganda, gesi hiyo inatafuta njia nyingine. Njia rahisi ni sili. Unaweza kuweka sili mpya leo ikavuja wiki ijayo. Safisha bomba la kupumulia kwanza. Ni kazi ya dakika chache ambayo sijawahi kuiona kwenye orodha ya gharama ya gereji yoyote.

Sasa giaboksi ishuke. Malori mengi ya aina hii yana boksi ya kugawa nguvu iliyokaa peke yake nyuma, kwa hiyo propela fupi inayoiunganisha na giaboksi hutolewa kwanza. Lori lisimame juu ya ardhi ngumu, magurudumu yamezuiwa, na uzito wa giaboksi ubebwe na jeki au mnyororo imara. Kutumia vijana wawili na kamba, kama ninavyoona mara kwa mara, ni kucheza na vifua vya watoto wa watu. Chuma kile kikiteleza hakina pa kuangukia ila juu ya aliyelala chini.

Kabla ya kugusa vumbi lililo ndani, simama kidogo. Laini za malori ya miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na Uingereza yenyewe ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 1999 tu. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati kijana aliyelala chini ya lori ameshakuwa baba wa watu. Kwa hiyo usipulize kwa kompresa. Lowesha vumbi kwa maji, lifute kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Leso iliyofungwa puani haizuii nyuzi hizo. Natamani kila mkuu wa gereji angelisema hili kwa wanafunzi wake siku ya kwanza, kabla hata ya kuwafundisha majina ya spana.

Presha pleti ikitoka, soma kilicho mbele yako. Laini zimebaki juu ya vichwa vya riveti au riveti zimeanza kulima flaiwili? Vidole vya presha pleti viko kimo kimoja? Springi zina rangi ya bluu ya kuungua, au mojawapo ni fupi kuliko wenzake? Springi za mviringo za magari haya zina tabia ya kupoteza mbano kadiri pleti inavyolika, kwa sababu zinatanuka zaidi kuifuata. Kwa hiyo presha pleti ya zamani pamoja na pleti mpya inaweza kuonekana nzima mwanzoni, kisha ikaanza kuteleza mapema. Kama uwezo upo, vibadilishwe vyote viwili. Kushusha giaboksi ndiyo kazi kubwa. Kuishusha mara mbili kwa kuokoa bei ya presha pleti ni hasara ya wazi.

Flaiwili yenye mikwaruzo au nyufa ndogo za joto ipelekwe kwa fundi wa kukereza. Nyufa zilizozama au zinazofika kwenye matundu ya bolti maana yake ni flaiwili nyingine. Kama uso wa kubana na uso wa kufungia presha pleti viko kwenye vimo tofauti, vikerezwe kwa kiasi kilekile vyote viwili, la sivyo mbano wa springi utabadilika. Hapa ndipo kazi nzuri huharibiwa na mtu mwenye mashine nzuri.

Mafundi wetu wanaopiga laini mpya kwenye pleti kuukuu nawaheshimu, maana bila wao malori mengi yangekuwa yameshauzwa kwa kilo. Lakini wadai vitu viwili: vichwa vya riveti vizame vizuri chini ya uso wa laini, na unene wa pleti uwe ule wa awali. Pleti nene mno haitaachia, gia zitakwaruzana. Kagua pia meno ya katikati na springi ndogo za kitovu kabla hujakubali kuitumia tena.

Wakati wa kufunga, badilisha beringi ya klachi na ile ndogo ya kwenye ncha ya kranki. Usioshe beringi mpya kwa petroli, maana utatoa grisi iliyofungiwa ndani na hutaweza kuirudisha. Meno ya shafti yapakwe grisi kidogo sana. Inayozidi itarushwa kwenye laini. Pleti iwekwe katikati kwa kutumia shafti kuukuu au kipande cha mti kilichokerezwa, na bolti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Giaboksi inapoingia isiachwe ining'inie kwenye pleti hata kwa dakika moja, kwani kitovu kitapinda na klachi mpya itatetemeka maisha yake yote.

Rekebisha mchezo wa pedali, kisha toa lori bila mzigo. Laini mpya zinahitaji kilomita mia kadhaa za kuanza na kusimama kwa upole ndipo zishike uso mzima. Katika kipindi hicho dereva asilishikilie lori mlimani kwa klachi akisubiri foleni isogee, handibreki ipo kwa kazi hiyo. Mguu usipumzike juu ya pedali, na lori lenye mzigo liondoke kwa gia ya kwanza. Hata kwenye mteremko klachi ina kazi: injini inayosaidia kuzuia lori kushuka inafanya hivyo kupitia pleti hiyohiyo, na ikimwaga laini zake katikati ya mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu, breki zitabaki peke yake.

Kuhusu spea, hali si mbaya kama watu wanavyodhani. General Motors iliuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni ya AWD iliyoichukua ilifilisika mwaka 1992, lakini malori yalikuwa mengi mno kiasi kwamba akiba za spea za jeshi bado zinauzwa Uingereza. Kabla ya kuagiza, nenda na pleti kuukuu mkononi. Pima kipenyo chake, hesabu meno ya kitovu, pima unene wa shafti, andika namba ya chesi na aina ya injini. Malori mengi yamebadilishiwa injini na giaboksi njiani, na lililoandikwa MK ubavuni linaweza kuwa na moyo wa lori jingine kabisa. Muuzaji akikuambia "zote zinaingiliana," weka ya zamani juu ya mpya kaunta palepale, kabla ya kulipa.